Kabla Wali Haujaiva

Mama yangu mdogo alipima mbio zangu kwa nazi. Saa ya ukutani alikuwa nayo, lakini ilisimama siku aliyofariki mumewe na hakutaka iguswe, hata na mimi ambaye nilishafungua kila kitu kingine mle ndani chenye skrubu. Akikaa juu ya mbuzi ya kukunia na kuanza nazi ya kwanza, mimi naondoka. Nazi mbili, kukamua tui, kuosha mchele, kuubandika, kupalia makaa juu ya kifuniko: hiyo ndiyo ilikuwa safari yangu nzima, kutoka Hombo, nyuma ya hospitali ya Mutsamudu, mpaka pale barabara ya Ouani inapopinda ukakiona kiwanja cha ndege, kisha kurudi. Nikiwahi, nakuta sinia limefunikwa. Nikichelewa, nakuta ukoko.

"Umetoka wapi?" huniuliza, ameushika mwiko kama hakimu.

"Ouani, mama."

"Ouani ya wapi hiyo? Wali umekwenda Maka umerudi."

Halafu anaucheka mwenyewe utani wake, anavuta shiromani yake, kitambaa chake cha kujitanda, begani, ananikwangulia ukoko kwa kisu na kunipa mkononi. Siku nyingine nilichelewa makusudi. Ukoko wake ulikuwa mtamu kuliko wali wa watu wengine.

Mimi si mtu wa Mutsamudu hasa, mji ule wa kisiwa cha Nzuani. Nilizaliwa Unguja, kwa mama aliyetoka Nzuani kumfuata mume. Shule niliiacha darasa la sita, si kwa kuchukia kusoma, ila mwalimu alikuwa akieleza nusu ya jambo na kengele inalia, na mimi nilitaka nusu iliyobaki. Nikaenda kuitafuta. Nimewahi kuwa mchukuzi wa bandari, msaidizi wa seremala, mpiga chapa wa magunia, na kwa miezi minne mpishi wa watu waliokuwa wakichimba kisima ambacho hakikutoa maji. Nilikwenda Mutsamudu kumwamkia mama mdogo kwa juma moja. Juma likawa miaka mitano.

Mbio nilizianza kwa udadisi tu. Nilitaka kujua ile barabara inafika wapi, na kwenda kwa teksi ya watu wengi hakukunipa nafasi ya kuangalia. Kwa miguu niliona karafuu zimeanikwa kwenye mikeka pembeni ya lami, na mwenye karafuu ameketi kwenye kivuli anahesabu magari yatakayozikanyaga. Nilijifunza mahali ambapo harufu ya langilangi inakupiga usoni kutoka kwenye mitambo ya kukamulia mafuta, na mahali ambapo mbwa mmoja mweupe alinifuata hatua mia kila siku kisha akarudi, kana kwamba ameajiriwa. Watu walinizoea. Lakini nisidanganye: nilikimbia kwenda kwa ajili ya barabara, na nilikimbia kurudi kwa ajili ya ule mwiko.

Kisha nikasikia kuwa Moroni, mji wa kisiwa jirani cha Ngazija, kuna fundi redio mwenye mashine ya kupimia transista bila kuzitoa kwenye ubao wake. Jambo kama hilo siwezi kulisikia nikalala. Nikaaga kwa siku tatu. Redio ya mama mdogo niliiacha nzima, kifuniko cha nyuma nimekifunga kwa mpira wa tairi la baiskeli. Mlangoni nikamwambia neno letu la kila siku: "Narudi kabla wali haujaiva."

"Nenda," akasema. "Nazi zangu zitakusubiri."

Mashine niliiona. Ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani, ukubwa wa kisanduku cha biskuti, na mwenyewe, fundi wa makamo mwenye kitambi na sauti nene, alinieleza inavyofanya kazi mpaka nusu ya pili, bila kengele kulia katikati. Siku ya tatu nikaambiwa boti haziendi. Nzuani ilikuwa imetangaza kujitenga, na wakubwa wa visiwa vyote walikuwa wameanza kuzungumza juu ya bendera. Simu zikawa mara zipo mara hazipo, kisha hazipo. Fundi akanipa stuli na bisibisi, akasema nikae mpaka mambo yatulie. Nilikaa kwenye stuli hiyo zaidi ya mwaka.

Ikafika siku ambayo vijana walipita mitaani Moroni wakiwaambia watu wa kisiwa chetu warudi kwao. Milango ilipigwa. Familia ambazo zimezalia watoto pale zilifunga mizigo ndani ya saa moja. Fundi alinisukuma nyuma ya kabati la redio mbovu, akasimama mlangoni na kikombe chake cha chai, na kila aliyeuliza alimjibu maneno mawili, "Huyu wangu." Kesho yake nilikwenda bandarini kupanda boti ya waliokuwa wakiondoka. Karani akaangalia karatasi zangu za Unguja, akaniambia mimi si Mnzuani wa kutosha. Nikampa salamu bibi mmoja aliyekuwa amebeba jiko na godoro, nikamwelekeza nyumba ya nyuma ya hospitali, na sikujua kama zilifika.

Kilichoniumiza si stuli wala kabati. Ni kwamba habari za siku ile zilitangazwa na redio, na najua nani alizisikia. Mama mdogo alikuwa akiwauzia uji wa mchele na maandazi jamaa wa wagonjwa pale getini hospitali, na redio yake huwa juu ya meza ya uji tangu asubuhi. Alisikia milango ilivyopigwa. Hakusikia kwamba mlangoni kwangu hakuna aliyeingia.

Mbio nazo zilikufa. Mwanzoni nilijaribu, alfajiri, barabara ya kwenda Itsandra. Mara ya kwanza askari wawili wakanisimamisha: "Unakimbia nini?" Nikasema nakimbia tu. Mmoja akamwambia mwenzake kwamba hakuna mtu anayekimbia tu. Mara ya pili ni mama mmoja muuza samaki, aliyeniona nikija akaingiza watoto ndani na kufunga mlango, akidhani nakimbia jambo. Nikaona nawatisha watu. Nikavitundika viatu kwenye msumari nyuma ya duka, juu ya mabunda ya waya. Vikaanza kuota ukungu.

"Viatu vyako vimekuwa vya kijani," fundi aliniambia siku moja.

"Vinajitenga," nikamjibu.

Akacheka mpaka akatua chuma cha kuchomelea. Hivyo ndivyo tulivyoishi. Yeye aliniita serikali ya Nzuani. Nikichelewa kufika dukani alisema ubalozi umefunguliwa. Nami nilimkumbusha kila wakati kwamba kitambi chake ni cha karamu.

Hapa lazima nieleze kitambi hicho, kwa sababu ndicho chanzo cha yote yaliyofuata. Huko Ngazija, mwanamume anaweza kuwa na mvi na wajukuu na bado akahesabiwa mtoto, kama hajafanya ndoa kubwa, ambayo wenyewe huiita anda. Ndoa hiyo ni ya kulisha mji mzima siku kwa siku, kwa ng'ombe, wali na vitambaa, na watu huitafutia nusu ya umri wao. Akiimaliza, anaitwa mtu mzima. Anavaa joho, anakaa mbele msikitini, anasema wa kwanza uwanjani, na mtoto wa mji hampiti njiani. Fundi alikuwa ameifanya miaka miwili kabla sijafika. Alikuwa bado anaifurahia kama mtu mwenye viatu vipya. Akienda kununua chumvi alijipa nafasi ya kupisha na kupishwa.

Asubuhi moja nilikuwa nikichomelea redio ya mteja, na ilipowaka ilikuwa katikati ya tangazo. Vijana wa mji wameandaa mbio, kutoka uwanja wa mji mpaka Itsandra na kurudi. Kila anayetaka akaandikishe jina. Majina ya ishirini wa kwanza yatasomwa redioni, baada ya habari za mchana.

Niliizima. Kisha nikaiwasha tena, lakini tangazo lilikuwa limepita.

"Nini?" fundi akauliza.

"Redio ya hapa inasikika Mutsamudu?"

"Inasikika vizuri kuliko hapa. Huko wanaisikiliza ili waikasirikie."

"Nataka mama mdogo alisikie jina langu."

Fundi hakunitania. Alirudi kwenye kazi yake, na nikamwona anachomelea kiungo kilekile mara ya pili, ambacho kilishashika tangu mwanzo. Baadaye akasema, kama anayezungumza na ubao, "Ishirini si wengi." Kisha, "Na mimi nitajiandikisha."

"Wewe, Fundi?"

"Nina haki ya kukaa mbele. Sijawahi kuitumia barabarani."

Kuandikisha kulifanyika kwenye chumba cha chama cha vijana, penye meza ya karata na kabati la vikombe. Karani alikuwa kijana wa miwani mwenye daftari la shule.

"Jina. Mji. Mama yako nani. Rika lako lipi."

"Hizi ni mbio au posa?"

"Jibu tu, kaka. Umefanya ndoa kubwa?"

"Hata ndogo sijafanya."

"Basi nyuma," akasema, akaandika. Mimi nikadhani ananieleza mahali pa kusimama. Alikuwa ananieleza sheria nzima, lakini kila mtu pale aliijua tangu utotoni, kwa hiyo hakuona haja ya kuimalizia. Nusu ya jambo, kama mwalimu wangu.

Aliposikia nasema Mutsamudu aliinua uso, akaniangalia muda mrefu kidogo, akaandika Mutsamudu. Akanipa kitambaa cheupe chenye namba iliyopakwa kwa rangi ya mlango, arobaini na moja. Mke wa fundi akanishonea kwenye fulana.

Sikujua kitambaa kingefanya nini. Kesho yake alfajiri nilivishusha viatu, nikavipangusa ukungu, nikatoka nikiwa na woga uleule. Askari walikuwa palepale. Mmoja akaiona namba, akauliza, "Mbio lini?" Nikamwambia. "Utakuwa wa ngapi?" Nikamwambia Mungu anajua. Akasema, "Mungu anajua, ila wewe una miguu myembamba." Wakanipisha. Hilo ndilo lililonirudisha barabarani, kabla hata ya jina na redio. Mtu asiye na namba anakimbia kitu. Mwenye namba anakimbilia kitu. Juma la pili yule mama muuza samaki aliacha mlango wazi, na watoto wake walinipokea kwa kelele ya "arobaini na moja", wakinifuata mpaka pale barabara inapobana, ambapo mama yao aliwakataza kuvuka.

Mwili ulikuwa umesahau. Siku za kwanza nilisimama kila baada ya kilima, nikishika magoti, nikiangalia lava nyeusi iliyoganda pembeni ya barabara na mizizi ya mti iliyoipasua. Nilianza kupima kwa namna yangu ya zamani. Nikitoka mlangoni nilijiambia: sasa amekaa juu ya mbuzi. Nikifika penye magofu ya Itsandra: anakamua tui la pili. Nikirudi, nikiona mnara wa msikiti wa bandarini: anapalia makaa. Mwanzoni wali uliungua kila siku. Mwezi ulipokwisha nilikuwa nikifika ukiwa bado unatokota.

Fundi naye alifanya mazoezi. Alitembea kutoka dukani mpaka kwa muuza chai, na kurudi, mara mbili zaidi ya kawaida.

Siku ya mbio uwanja ulijaa. Nilitegemea kuona vijana wenye kaptura, na walikuwepo, wengi, lakini nyuma. Mbele, safu nzima ilikuwa ya watu wazima: kofia zilizotarizwa, fimbo, wengine na majoho juu ya kanzu, na wawili watatu wamevaa raba chini ya kanzu. Fundi alikuwa kati yao. Alikuwa ameikunja kanzu yake chini ya joho mpaka kwenye magoti na kuifunga kwa mshipi, na alinipungia mkono kwa heshima kubwa, kama mtu aliye ndani ya gari.

Filimbi ikalia. Safu ya mbele ikaanza kwenda, kwa mwendo wa watu wanaotoka msikitini. Vijana waliokuwa mbele yangu wakaanza kurukaruka palepale walipo, bila kusogea. Nikadhani ni wavivu. Nikaona upenyo upande wa ukuta, nikapita. Nikawapita wote. Nikafika penye majoho, nikapita katikati ya wawili, nikampita mzee wa mji mwenyewe na fimbo yake, mbele yangu kukabaki barabara tupu, na nikajisifu moyoni kwamba miguu haijasahau.

Kisha nikagundua kwamba nasikia viatu vyangu tu.

Nikageuka. Mji wote ulikuwa umesimama. Majoho yamesimama, vijana wamesimama, wanawake madirishani wametoa vichwa. Hakuna aliyepiga kelele, na kimya kile kilinitisha kuliko kelele. Mtu mmoja, sikumwona nani, akasema, "Mnzuani huyo." Kijana mwingine akaokota kitu chini. Mpaka leo sijui kilikuwa nini, huenda kilikuwa kofia yake.

Ndipo nikaisikia sauti nene. "Huyu wangu," fundi akasema, akitoka kwenye safu. "Huyu wa dukani kwangu. Njoo, mwanangu. Rudi nyuma. Hapa hatumpiti mtu mzima mpaka kwenye kona."

"Hakuna aliyeniambia, Fundi."

"Ndiyo maana nakuambia."

Nikarudi. Ile ilikuwa safari ndefu kuliko ya Itsandra. Nilipita uso mmoja baada ya mwingine, nikisema samahani, shikamoo, samahani. Wengine waliitikia. Nikasimama nyuma ya wote na safu ikaendelea, taratibu, mpaka kwenye kona baada ya bandari, ambapo viti vilikuwa vimepangwa na birika limeandaliwa. Watu wazima wakakaa kando, na vijana wakaachiliwa kama kunde kwenye gunia lililochanika.

Mimi sikuwa na miguu tena. Nilitembea. Nilifikiri kuivua fulana, kupita uchochoroni na kurudi kwenye stuli yangu. Nilikuwa nimeshika tayari pindo la kitambaa nilipowasikia watoto wa muuza samaki, ambao siku hiyo waliruhusiwa kuvuka: "Arobaini na moja." Kwao sikuwa nimempita mtu yeyote. Walikuwa hawajui habari. Sikuweza kuwaeleza, kwa hiyo nikakimbia.

Itsandra nilifika wa ishirini na sita, niliwahesabu waliokuwa wakirudi. Kutoka pale sikuangalia magofu wala bahari. Niliangalia migongo. Nilimpita mmoja kwenye kilima, wawili penye maji ya kunywa, mmoja aliyesimama kutapika. Anapalia makaa, nilijiambia, anapalia makaa. Kwenye mtelemko wa mwisho nilikuwa na migongo miwili tu niliyohitaji kuipita, mwalimu mmoja wa shule mwenye soksi ndefu na kijana asiye na viatu, na uwanja ukatokea kabla sijawafikia.

Wa ishirini na mbili.

Nilikaa chini nikaegemea ukuta. Fundi akaja kukaa karibu yangu, joho lake likigusa vumbi, jambo ambalo halikumpendeza.

"Wawili tu," nikasema.

"Nimewaona. Yule wa soksi si mtu mzuri."

"Hatasikia, Fundi."

Tukaitwa wote wawili katikati ya uwanja, kwa sababu kesi yangu ilikuwa haijaisha. Huko mtu akivunja desturi, mji hukaa na kumpa adhabu, na adhabu husemwa hadharani ili kosa lifutike. Nilisimama kwa jasho langu. Mzee wa mji aliuliza kama nina la kusema. Nikasema nilikuwa na haraka. Watu wakacheka kidogo, na kicheko hicho kilinipunguzia uzito. Nikahukumiwa sinia la wali kwa kuku, nililete mwenyewe, Ijumaa.

Hapo fundi akaomba kusema. Alisimama kama wanavyosimama watu wazima, akisubiri kwanza kimya kitimie. Akasema kwamba mtoto si wa njiani, ana nyumba, ana mama. Adhabu isiyosikika nyumbani kwao ni nusu ya adhabu. Kwa hiyo anaomba isomwe redioni, pamoja na majina ya washindi.

"Nyumbani kwao wapi?" mzee akauliza, ingawa alijua.

"Mutsamudu."

Nilisikia watu wakivuta pumzi. Tangu visiwa viache kuzungumza, kutoka uwanja ule hakukuwa kumetumwa neno kwenda kule isipokuwa la lawama. Mzee aliichezea fimbo yake. Mmoja wa watu wazima akamnong'oneza, mwingine akakohoa. Mwishowe mzee akasema, "Isomwe. Na isomwe polepole. Huko redio zao mbovu."

"Ya mama yake nzima," fundi akasema. "Ameitengeneza mwenyewe."

Mchana wa kesho yake tuliwasha kila redio iliyopona dukani, saba kwa jumla, zote kwenye wimbi moja. Habari zikaisha. Mtangazaji akasoma majina ishirini haraka haraka, la yule mwenye soksi likiwa la ishirini. Kisha karatasi ikasikika ikigeuzwa. Akasema kuna taarifa ya mji. Akalitaja jina langu, la mama yangu, na la mama yangu mdogo wa Hombo, nyuma ya hospitali, Mutsamudu. Akasema mtoto huyo anaishi Moroni katika nyumba ya fundi fulani, anakula na kulala salama, na kwamba siku ya mbio aliwapita watu wazima kabla ya kona, akarudi mwenyewe, akaomba radhi, akatozwa sinia la wali kwa kuku, na mji umeridhika naye. Mshindi wa mbio alipata maneno matatu. Mimi nilipata robo ya ukurasa.

"Anakula na kulala," nikamwambia fundi. "Hilo lilikuwa kwenye hukumu?"

"Karani ana mwandiko mbaya," akasema. "Nilimsaidia."

Niliendelea kukimbia. Hakukuwa tena na mbio za kujiandikisha, lakini namba sikuitoa, na hakuna aliyenidai. Wiki zilipita. Kisha akaja dukani mama mmoja mfanyabiashara wa vitambaa, ambaye alikuwa ametoka Nzuani kwa kuzungukia kisiwa cha Maore, safari ya kisiwa kimoja ikamchukua visiwa viwili. Akatoa kifurushi kilichofungwa kwa kipande cha shiromani nyekundu. Nilikijua kipande hicho kabla hajakiweka mezani.

Ndani mlikuwa na ukoko. Umekaushwa juani mpaka ukawa kama kigae, wa duara, na alama ya kisu pembeni. Juu yake karatasi iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, mkono wa mama mdogo, mkubwa na uliolala upande:

"Mwanangu, wali uliiva. Nimesikia, na getini wote wamesikia, hata daktari. Nimeona aibu siku moja, nimefurahi zilizobaki. Mwambie fundi wako namsalimu. Redio haikusema ulikuwa wa ngapi."

Fundi alivunja kipande, akakiuma, akashika shavu. "Huyu mama ndiye anayejua kuadhibu," akasema. Tukaulowanisha kwenye chai, tukaula wote wawili, na yeye akauliza kama kuna zaidi.

Yule mama wa vitambaa alikuwa anarudi baada ya siku mbili na alikubali kubeba barua. Nilifikiri sana cha kuandika. Karatasi ilikuwa ndogo, na mwaka ulikuwa mrefu. Mwishowe niliandika: wa ishirini na mbili. Halafu, kwa kuwa namjua, nikaongeza chini yake: kuna wawili walinizidi kidogo tu, kila asubuhi nakimbia tena kwa kipimo cha nazi zako.